Jinsi Tulivyogeuza Tangi la Bahari Kuwa Tangi la Maji Baridi

Wasomaji wa gazeti letu wanalikumbuka lile tangi kubwa la kioo lililo karibu na dirisha la maabara ya Baiolojia, ambalo zamani lilikuwa na maji ya bahari na visamaki vya miambani. Wengi wameniuliza samaki wale walikwenda wapi, na kwa nini sasa mna majani mengi na visamaki vyenye rangi ya fedha. Nimeona afadhali niwajibu wote kwa pamoja, tena nieleze kazi yenyewe ilivyofanyika, ili wale watakaobaki shuleni baada yetu wapate kuiendeleza. Jibu la swali la kwanza ni fupi: samaki wale walikufa, na aliyewaua ni mimi.

KOSA LANGU

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Baiolojia alinikabidhi tangi lile nilitunze. Urefu wake ni sentimita 90, upana sentimita 40, na maji yalifika kimo cha sentimita 40. Kwa hiyo lilichukua lita 144. Ndani mlikuwa na samaki 7, jongoo bahari mmoja, na kaa 4 wa aina ile wanaojificha ndani ya makombe ya konokono. Chini palikuwa na mchanga mweupe wa pwani, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyokufa, ambayo tuliyaokota ufukweni.

Kila Jumamosi niliona kwamba maji yamepungua kama lita 10, maana maabara yetu ina joto. Basi nilikwenda pwani na wenzangu, tukachota ndoo moja ya maji ya bahari, tukajaza pale palipopungua. Nilijiona mwangalifu sana, kwa kuwa nilidhani samaki wa bahari hahitaji maji mengine ila ya bahari. Katika juma la tano akafa samaki wa kwanza. Jongoo bahari akafuata. Hata lilipokwisha juma la nane alikuwa amesalia samaki mmoja na kaa wawili.

Aliyenifumbua macho ni mzee mlinzi wa shule, ambaye katika ujana wake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huku kwetu Tanga. Alinikuta nimesimama mlangoni na samaki aliyekufa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nimekuwa nikitia maji gani. Nilipomweleza alitikisa kichwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "jua hunywa maji, lakini chumvi halinywi. Sisi kule tulikuwa tukifanya vivyo hivyo, ila sisi tulikuwa tukitafuta chumvi. Wewe umelima chumvi ndani ya nyumba ya samaki."

Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alinipa mizani na vibakuli viwili, akaniambia nikapime. Nilichukua sentimita 100 za ujazo za maji yaliyochotwa baharini siku ile, nikayachemsha mpaka yakakauka, nikapata chumvi gramu 3 na nusu. Nikafanya hivyo kwa maji ya tangi, nikapata karibu gramu 5 na nusu. Hesabu nayo ilikubali. Lita 144 za maji ya bahari, zenye gramu 35 kila lita, zina chumvi gramu 5,040. Ndoo 8 za lita 10 nilizoongeza zilileta gramu 2,800. Jumla ni gramu 7,840, na ukigawanya kwa 144 unapata gramu 54 katika kila lita.

Hapo ndipo somo la osmosisi, ambalo nililikariri kwa mtihani, liliponiingia kweli. Mwili wa samaki wa bahari hauna chumvi nyingi kama maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji humtoka mwilini siku zote. Naye hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi huitoa kwa mashavu yake. Chumvi ikizidi mno nje, hawezi tena; hukauka akiwa ndani ya maji. Yule mmoja aliyepona, mwalimu alisema, alikuwa wa madimbwi yanayobaki wakati wa kupwa, ambako jua hukausha maji kila siku, naye ameumbwa kustahimili.

KWA NINI TULICHAGUA MAJI BARIDI

Tangi lilikuwa limeanza kunuka, na Mkuu wa Shule akaamuru liondolewe likawekwe stoo. Niliomba nipewe nafasi ya pili. Mwalimu alinitetea, lakini alisema kuwa hatutarudia tangi la bahari, kwa sababu tatu. Kwanza, umeme ukikatika pampu husimama, na samaki wa bahari hukosa hewa upesi. Pili, wakati wa likizo hakuna wa kwenda kuchota maji pwani. Tatu, katika kitabu chetu mna jaribio la kuonyesha kuwa mmea hutoa oksijeni ukiwa kwenye mwanga, nalo linahitaji mmea wa majini. Sisi tumekuwa tukilichora tu ubaoni mwaka baada ya mwaka, wala hatujapata kuliona kwa macho.

Basi ikakatwa shauri: tangi liwe la maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na liwe na mimea mingi na samaki wachache. Mwalimu aliniwekea sharti moja. Kila hatua niiandike daftarini kabla ya kuifanya, pamoja na sababu yake. Ikiwa sijui sababu, nisiguse kitu.

KUONDOA BAHARI

Wenzangu walishauri tumwage nusu ya maji na kujaza maji ya bomba, tena na tena, mpaka chumvi iishe. Ni kweli kwamba ukimwaga nusu mara 7 chumvi inayobaki ni sehemu 1 tu kwa 128. Lakini utakuwa umetumia lita 504 za maji, na bado mchanga na mawe ya bahari yangali ndani. Wala wanyama wa bahari hawawezi kufuata mabadiliko hayo. Samaki wa maji baridi ni kinyume cha wa bahari: mwili wake una chumvi kuliko maji ya nje, maji humwingia siku zote, naye huyatoa kwa kukojoa sana. Huwezi kumwamuru samaki wa bahari ageuze desturi ya mwili wake kwa sababu wewe umegeuza maji.

Kwa hiyo tuliwatoa kwanza wale watatu waliopona, tukawaweka katika beseni la maji yao wenyewe, tukapunguza chumvi kidogo kidogo kwa siku 5 mpaka ikalingana na ya bahari. Kisha tukawarudisha kwenye dimbwi lile lile la pwani walikotoka. Tuliweza kufanya hivyo kwa kuwa tangini hamkupata kuwa na mnyama wa mahali pengine. Wangalikuwa wamechanganyika na wanyama wa kigeni, isingefaa kuwarudisha, maana wangeweza kupeleka magonjwa.

Maji tuliyamwaga yote. Mmoja wetu alitaka kumwagilia bustani ya mchicha, lakini nilimwonyesha hesabu: mlikuwa na chumvi karibu kilo 8 katika maji yale. Tuliyabeba kwa ndoo hadi pwani.

Halafu likaja suala la mchanga mweupe, ambao wengi waliupenda kwa uzuri wake. Mwalimu alidondosha siki juu yake, nao ukatoa povu. Povu lile ni hewa ya kaboni dioksidi, na maana yake ni kuwa mchanga ule ni kabonati ya kalsiamu, yaani mabaki ya matumbawe na makombe. Ukiachwa ndani ya maji baridi huyeyuka polepole, ukayafanya maji kuwa magumu na yenye ualikali, na mimea mingi haipendi hivyo. Samaki wengine wa Ziwa Tanganyika huishi katika maji ya namna hiyo, na anayetaka kuwafuga hao hana sababu ya kuutupa. Lakini sisi tulitaka majani. Mchanga na mawe vyote vikatoka.

Tangi tuliliosha kwa maji matupu na kitambaa, bila sabuni, kwa kuwa sabuni ikibaki kidogo tu huweza kuua samaki. Chumvi iliyoganda kwenye pampu na pembeni mwa kioo tuliifuta kwa siki. Tukalijaza maji, tukayaacha siku mbili, kwanza kwa kuangalia kama gundi ya pembeni inavuja, na pili kwa kutoa chumvi iliyojificha. Kisha tukapima kwa nitrati ya fedha, kama tunavyofanya katika Kemia. Tone moja likafanya maji kuwa meupe kama maziwa. Tukamwaga, tukajaza tena. Mara ya tatu ukungu ulikuwa hafifu, sawasawa na ule wa maji ya bomba yenyewe. Hapo tukajua bahari imekwisha toka.

KUPANDA

Chini tulitandika udongo wa bustani usiotiwa mbolea, tuliouchunga kwa chekeche, kimo cha sentimita 3. Juu yake tukaweka mchanga wa mtoni ulioshwa vizuri, sentimita 4. Mchanga huo nao tuliudondoshea siki, wala haukutoa povu. Udongo ni chakula cha mizizi, na mchanga huuzuia udongo usichafue maji.

Mimea tuliichuma mahali ambapo mto hukaa kimya. Na hapa nawaomba wadogo zangu wasome kwa makini. Maji ya namna hiyo huwa na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini hata kama hana kidonda. Hakuna mwanafunzi aliyeingia mtoni. Mwalimu alivaa buti ndefu za mpira, akavuta mimea kwa reki akiwa ukingoni, nasi tuliipokea tukiwa na glavu za mpira. Maji ya mtoni hatukuyachukua. Mimea tuliisuuza, tukaiweka katika beseni la maji ya bomba kwa majuma mawili, tukibadili maji kila baada ya siku mbili na kuondoa kila konokono na kila tone la ute lenye mayai yao. Vijidudu vile vikishatoka kwa konokono haviishi majini zaidi ya siku mbili hivi, lakini konokono akibaki huendelea kutoa vingine. Kwa hiyo lililo kubwa ni kutompeleka konokono nyumbani.

Tulipata mimea ya namna mbili. Mmoja ni Ceratophyllum, ambao hauna mizizi, na majani yake ni membamba kama mkia wa paka. Wa pili ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Huu wa pili una historia. Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington alieleza jinsi alivyoweka katika chombo cha kioo samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria, ili mmea uwape samaki hewa, na samaki waupe mmea chakula. Majani yaliyooza yakachafua maji, naye akaongeza konokono wayale, mambo yakatengemaa. Sisi kwa ajili ya kichocho hatukutaka konokono. Kazi yao tunaifanya kwa mikono, kwa kutoa jani lililooza kila siku.

Maji ya bomba ya hapa Tanga hutoka mto Zigi, katika bwawa la Mabayani, nayo hutiwa klorini. Tuliyaacha wazi ndooni siku mbili ili klorini itoke, kisha tukayamimina taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani, udongo usitibuke. Tangi tulilisogeza mbali na dirisha, maana jua kali huleta ukungu wa kijani; tukaweka taa nyeupe ya umeme juu yake, saa 8 kila siku.

KUNGOJA

Sasa nafika kwenye sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Wako bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si sumu kali, na mimea huila. Bakteria wa tangi la bahari wamezoea chumvi, na wengi hawafanyi kazi katika maji baridi. Kwa hiyo tulikuwa tumeanza upya kabisa, wala bakteria hawaonekani kwa macho upate kujua kama wamefika.

Katika juma la tatu ilikuwa siku ya wazazi. Siku mbili kabla, rafiki zangu waliniletea samaki 6 katika ndoo, wakaniambia ni aibu wazazi waone tangi tupu. Nilitamani sana kuwatia. Nikalifungua daftari niandike sababu, sikupata nyingine ila kwamba nataka kusifiwa. Mwalimu alikuwa amenunua vijikaratasi vya kupimia nitriti. Nikachovya kimoja, kikawa chekundu. Samaki wale wakarudishwa mtoni siku ile ile.

Wazazi walikuja, wakacheka. Mzee mmoja aliuliza kama shule imeanza kufuga majani. Mama yangu, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua juu ya tangi hili, aliinama akatazama kila pembe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, samaki wako wapi?" Nikamjibu, "Bado, mama. Nyumba yao haijawa tayari." Hakuniuliza zaidi.

Katika juma la tano karatasi haikubadilika rangi kwa siku tatu mfululizo. Ndipo tulipotia samaki 5 wadogo wa jamii ya Enteromius, ambao ni wengi katika mito ya Afrika Mashariki. Perege hatukuwataka, kwa kuwa hukua sana, hung'oa mimea na kuila. Samaki tuliwaweka kwanza katika mfuko wa plastiki ulioelea tangini, tukiongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja kwa muda wa saa nzima. Hadi leo ninapoandika imepita miezi minne, na wote watano wako hai.

FAIDA TULIYOPATA

Mwezi uliopita darasa letu lilifanya lile jaribio la kitabuni. Tulichukua vishada vya Ceratophyllum, tukaviweka katika bilauri ya maji yenye bikabonati ya sodiamu kidogo, tukavifunika kwa faneli ya kioo, na juu yake neli iliyojaa maji. Tukaweka juani. Viputo vilianza kupanda kimoja kimoja kama shanga. Hewa ilipotosha, mwalimu aliingiza kijiti kilichobaki na kaa jekundu, nacho kikawaka mwali mbele ya macho yetu. Darasa lilipiga makofi. Mimi nilikuwa nikifikiri kuwa laiti ningalipima maji mapema, samaki wa bahari nao wangalikuwapo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwezi wa Novemba sisi Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa Taifa na kuondoka. Ndugu zetu wa Kidato cha Pili watakaolipokea tangi hili, nawaachia maneno haya:

1. Maji yakipungua, jazeni maji baridi yaliyokaa siku mbili. Hata mwenye tangi la bahari hujaza maji baridi, kwa kuwa kilichopotea hewani ni maji, chumvi imebaki.

2. Kila juma badilisheni robo ya maji, ili nitrati na madini mengine yasizidi.

3. Chakula kiwe unga wa dagaa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na kiliwe chote kwa dakika chache. Kinachobaki huoza.

4. Msiongeze samaki kwa wingi. Mimea hutoa oksijeni mchana tu. Usiku nayo huitumia kama samaki. Mkiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, wamezidi.

5. Mimea ikijaa, ipunguzeni na kuizika bustani iwe mbolea. Msiitupe mtoni wala katika mfereji, wala msitupe humo samaki wa tangi.

6. Msifanye jambo msilojua sababu yake. Mwulizeni mwalimu, na kama hayupo, mwulizeni mzee mlinzi. Mwenye kuuliza hapotei njia. Mimi sikuuliza, na viumbe wengine ndio waliopotea.

Daftari langu liko katika droo ya kwanza ya meza ya maabara. Kurasa zake 31 za mwanzo zimejaa, zilizobaki ni zenu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne